Jua Lilimsubiri Mgeni

Kwenye lango la uwanja wa mpira, kule Kamembe wilayani Rusizi, Odette alinyang'anywa mwavuli. Labda kunyang'anywa ni neno kali. Kijana wa usalama aliuchukua kwa heshima, akaufunga vizuri, akautupa juu ya miavuli mingine iliyokwisha kuwa kilima pale ukutani. Alieleza kwamba miavuli inaficha sura za watu mbele ya kamera, na mgeni anapenda kuona sura za watu. Chupa ya maji nayo ikabaki hapohapo. Ulikuwa mwezi wa saba, vumbi jekundu limetanda mpaka kwenye majani ya migomba, na ingawa ilikuwa asubuhi bado, jua lilikuwa linachoma kama lina kisa na mtu.

"Na maman yangu je?" Odette akauliza. "Muganga wa Mibirizi alimukatazaka jua. Iko na maladi ya tension, damu inapanda."

"Mukecuru iko na nafasi yake mbele kabisa," kijana akajibu. "Leo yeye njo muntu mukubwa."

Hilo lilikuwa kweli. Mukamurenzi, mama yake Odette, alikuwa mwanamke mzee kuliko wote katika kanisa la Pasta Vénuste, na wote walimwita mukecuru, bibi, kwa heshima. Alikuwa amezeekea Bukavu, upande wa Kongo, kabla ya familia kurudi upande huu wa mto, na siku hizi aliishi na Odette, ambaye alikuwa akiuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, kwa wateja wa pande zote mbili za mpaka. Kwa sababu ya umri wake, Mukamurenzi ndiye aliyechaguliwa kumkabidhi mgeni kapu la zawadi. Odette alikubali shingo upande. Alimvika mama yake umushanana, lile vazi la sherehe la kufunga begani, wa rangi ya zambarau, akamwahidi kwamba mchana watakula nyumbani.

Mkutano uliitwa Siku ya Shukrani. Nusu ulikuwa wa kanisa, nusu wa siasa, na hakuna aliyejua nusu moja inaishia wapi. Mgeni alikuwa anatafuta kura, na alikuwa anakuja kumshukuru Mungu kwamba amezipata. Bango kubwa nyuma ya jukwaa lilikuwa na njiwa upande mmoja na uso wa mgeni upande wa pili, na wote wawili walikuwa wanatazama mbinguni.

Aliyewapokea ndani aliitwa Gaju, msichana wa protokole, mwenye mkanda wa buluu begani na kidude cha kusikilizia sikioni. Alikuwa na adabu kupita kiasi. Alimshika Mukamurenzi mkono, akampeleka mpaka katikati ya uwanja, kwenye lile duara la kuanzishia mpira, akamkalisha kwenye kiti cha plastiki. Kamera zote zilikuwa zimeelekezwa hapo. Kando ya kiti akaweka kapu. Lilikuwa agaseke, kapu la Kinyarwanda lenye kifuniko kilichochongoka, ila hili lilisukwa kubwa sana ili lionekane kwenye picha. Lilikuwa tupu bado. Kahawa ya kulijaza ilikuwa inaletwa kwa pikapu kutoka Nzahaha, na pikapu ilikuwa njiani.

"Weye, Maman Odette, unaweza kusimama nyuma yake," Gaju akamwambia Odette. "Lakini si karibu sana. Kwa sababu ya picha."

Basi watu wakaimba. Kwaya moja ikashuka, nyingine ikapanda. Mwenyekiti huyu akasalimia, mwenyekiti yule akasalimia kwa niaba ya yule aliyekwisha kusalimia. Uwanja ulijaa mpaka watu wakawa hawawezi kuinua mkono kujifuta jasho bila kumpiga jirani. Mchana ukapita, chakula cha nyumbani kikapita nao, na mgeni hakuonekana. Kila baada ya muda sauti ilitangaza kwamba yuko karibu sana. Waliokuwa na ndugu wanaofanya kazi kwenye hoteli ya kando ya ziwa walijua yuko wapi na anakula nini.

Ilipofika saa tisa, Pasta Vénuste alipanda jukwaani. Ni mtu mwembamba, msafi, ambaye hata akitoka jasho linamtoka kwa utaratibu. Alieleza shida ilivyo, bila kuficha. Kibali cha mkutano kilisema wafunge kabla jua halijazama. Mgeni angechelewa. Kwa hiyo kitu kimoja kati ya viwili hivyo kilipaswa kungoja, na mgeni hawezi kuharakishwa.

"Zamani jua lilisimamishwa kwa ajili ya vita," Pasta akasema. "Leo lisimame kwa ajili ya mgeni wetu!" Akanyoosha mkono juu. "Simama hapo! Usisogee mpaka afike!"

Jua likasimama.

Watu walisema amina, kama wanavyosema amina kwa kila kitu. Vivuli vya milingoti ya goli vilikoma pale vilipokuwa na havikurefuka tena. Waliovaa saa waliziona zimekwama, wakazitikisa kidogo, wakaziacha. Ndege ya jioni, ambayo kila siku hupita juu ya uwanja huo ikienda kutua, haikupita, kwa kuwa jioni ilikuwa haijafika. Kwaya ya vijana ikaendelea na wimbo wake wa nne.

Lakini lilisimama kwa Kamembe peke yake. Ng'ambo ya maji, Bukavu, mambo yaliendelea kama kawaida. Odette aliona milima ya kule ikiingia giza na taa zikiwaka, moja moja, mpaka mji mzima ukawaka, na yeye huku bado anakunja macho kwa mwanga. Simu yake ikalia. Alikuwa Elikia, mtoto wa mjomba wake, aliyebaki kule.

"Odette, mbona kwenu kungali muchana? Sisi tulishakula, batoto banalala."

"Tunangojea mugeni."

"Ah bon," Elikia akasema, akamtakia subira. Naye aliwahi kungojea wageni.

Hapo ndipo Odette alipomwangalia mama yake vizuri. Mukamurenzi alikuwa anakauka. Mtu anayeanika sambaza kila siku haulizi ni nini anachokiona. Pete ya ndoa ilikuwa imemtoka kidoleni ikaanguka kwenye nyasi. Viatu vilikuwa vimebaki chini, na miguu iliyokuwa inagusa ardhi asubuhi sasa ilikuwa inaning'inia.

"Odette," mama akasema, "naona hii kiti inakuwa mukubwa."

"Hapana, maman. Ni weye unapunguka."

"Ah. Basi nilikuwa nashangaa kiti kwa bule."

Odette akamkimbilia Gaju. Kando ya jukwaa palikuwa na hema kubwa jeupe, na chini ya hema viti vimevalishwa vitambaa na kufungwa utepe mgongoni. Vilikuwa vitupu. Vilikaa kivulini vimestarehe, na mbele ya kila kiti palikuwa na chupa ya maji baridi. Odette alikuwa ameviona tangu asubuhi, lakini ni sasa tu alipovielewa, na alishtuka mpaka maneno yakamtoka vipande vipande.

"Gaju, dada yangu. Maman akae pale. Kidogo tu. Anakauka."

Gaju akageuka, akamtazama Mukamurenzi kwa huruma ya kweli. "Ninaona, maman. Mwihangane, muvumilie. Lakini vile viti ni vya delegation ya mugeni."

"Biko bitupu! Hakuna hata muntu moja!"

"Beko njiani."

"Basi chupa moja ya mayi."

"Iko ya delegation," Gaju akasema, na akaona haya kusema hivyo, lakini akasema.

Odette akamwendea Pasta. Ilibidi angoje amalize kupiga picha na mwenyekiti. Pasta alimsikiliza mpaka mwisho, kama mchungaji mwema, akatikisa kichwa.

"Maman Odette, jua haiko yangu. Mimi niliomba tu."

"Omba tena, liende."

"Likienda, kibali kinaisha. Kibali kikiisha na mugeni hajafika, nani atajibu? Weye?" Akashuka naye mpaka kwenye duara la katikati, akamwekea Mukamurenzi mkono kichwani ili amwombee. Kiganja kilifunika kichwa chote mpaka shingoni. Pasta akaomba kwa ufupi, akarudi kazini.

Sasa Odette hakuomba ruhusa ya mtu. Alimbeba mama yake kiunoni, kama mtoto wa miaka miwili, umushanana ukiburuta vumbini, akapenya umati mpaka langoni. Kijana wa usalama alikuwa yule yule, lakini kilima cha miavuli na chupa kilikuwa kimeshaondolewa.

"Huu mulango ni wa kuingia," akamwambia. "Kutoka ni kisha mugeni kufika. Barabara imefungwa kwa ajili yake."

"Atakufa huyu!"

"Maman, mimi nafanya nini? Na mimi niko hapa kwa jua."

Na kweli, masikio yake yalikuwa yameanza kujikunja pembeni. Odette alirudi. Katika kurudi, mwanamke mmoja wa Nzahaha alimvuta kitambaa, akamtolea kutoka kifuani kipande cha nanasi alichokuwa amekificha kwa siri. Odette alikikamua tone kwa tone katika kinywa cha mama yake, na hapo, jameni, mkono wa Mukamurenzi ukanenepa mpaka kwenye kiwiko, na sauti yake ya zamani ikarudi.

"Ni tamu," mama akasema. "Uko na ingine?"

Odette alicheka kwa sauti katikati ya watu, machozi yakimtoka. Kumbe ni maji tu! Beseni moja la maji, usiku mmoja wa kulowa, kama tunavyolowesha maharage makavu, na asubuhi mama ataamka mzima akiuliza chai iko wapi. Hakuna kilichoharibika. Ilibaki kumfikisha nyumbani.

Lakini nanasi lilikwisha, na jua lilikuwa palepale. Walipofika kwenye kiti, mkono ulikuwa umekwisha kusinyaa tena, na sehemu nyingine zikaufuata. Mukamurenzi akapungua mpaka akawa mrefu kama chupa ya Fanta, mwepesi, ameviringishwa katika kilemba cha binti yake, macho yamefunguka na yanaona kila kitu. Odette aliangaza uwanja mzima akitafuta kivuli. Hakukuwa na mti wala ukuta wa karibu, na kivuli chake mwenyewe kilikuwa kimekwama upande ambao haukumsaidia mtu. Ndipo akaliona kapu.

Akainua kifuniko, akamlaza mama yake ndani, akamfunika.

"Kukoje huko?" akauliza, mdomo kwenye ukili.

"Ni muzuri," mama akajibu kutoka ndani. "Kuko baridi kidogo. Kunanukia majani."

"Lala, maman. Niko naenda kutafuta mayi. Nakuya sasa hivi."

Alikwenda roho ikiwa nyepesi kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nyuma ya jukwaa alimkuta Sultani, fundi wa jenereta ya vipaza sauti, mwenye dumu la maji ya kupozea mashine.

"Hii ni ya mashini, maman. Si ya bantu."

"Leta hivyo hivyo, papa."

Sultani alimjazia chupa tupu iliyokuwa miguuni pake, polepole, ili asimwage. Ilikuwa imefika shingoni ndipo uwanja mzima ulipolipuka kwa vigelegele.

Mgeni alikuwa amefika. Magari meusi yaliingia mpaka kwenye nyasi, milango ikafunguliwa, hewa baridi ikamwagika kutoka ndani na wa mbele wakaifurahia. Mgeni alishuka akiwa amepoa kabisa, shati halina hata mkunjo. Delegation ikajaza viti. Pasta Vénuste akachukua kipaza sauti akamsifu mgeni kwa kufika kabla jua halijazama, akasema viongozi wanaojali muda ni wachache. Watu walipiga makofi, na hawakuwa wanafiki. Walikuwa wamefurahi tu kwamba kitu kimetokea.

Kiti cha plastiki kilikuwa kitupu. Gaju hakubabaika. Aliita huku na huku kuuliza kama pikapu ya kahawa imefika, na hakuna aliyejua. Akalinyanyua kapu kidogo kulipima, akasikia kuna kitu ndani, akashusha pumzi. Kumpa mgeni kapu tupu ni matusi. Akalipandisha jukwaani mwenyewe, kwa mikono miwili, akipiga goti.

Odette aliona kifuniko kile kilichochongoka kikipanda ngazi. Alipiga kelele ambayo ilimezwa na vigelegele. Akasukuma watu, akakanyaga watu, chupa ameiinua juu isimwagike, akapanda jukwaani bila kukaribishwa. Walinzi walimshika, lakini mgeni aliona mwanamke analia, akaashiria wamwachie. Kamera ziligeuka.

"Papa," Odette akasema, akihema. "Maman yangu iko ndani ya ile kapu."

Mgeni akainama, akaweka sikio kwenye kifuniko, akasikiliza kwa makini. Uwanja ukanyamaza.

"Ni kweli," akasema kwenye kipaza sauti. "Yuko ndani. Ninamsikia anapumua." Akalikumbatia kapu, ameguswa. "Ndugu zangu wa Rusizi, nimepokea ng'ombe, nimepokea mbuzi. Lakini ninyi mmenipa mama. Sijapata zawadi kama hii."

Makofi hayakuisha. Kwaya ikaanza kuimba bila kuambiwa.

"Ufungue, papa, pardon," Odette akasema. "Anaomba mayi tu. Niko nayo hapa."

Kwaya ikakatika. Ule ukimya ulikuwa mwingine, ukimya wa watu wanaomwonea mwenzao aibu. Kwetu, anayepewa kapu halifungui mbele ya aliyempa. Analipokea, anashukuru, anakwenda nalo kwake, na akilifungua hadharani ni kama amesema hamwamini mtoaji. Mtoto anajua hilo kabla hajajua kusoma. Wazee wa kanisa walitazama viatu vyao. Gaju alikuwa amefumba macho. Hata yule mwanamke wa Nzahaha, aliyekuwa amejipenyeza mpaka mbele, aligeuza uso pembeni.

"Maman Odette," Pasta Vénuste akamnong'oneza, "tunajua mukecuru iko ndani. Lakini mbele ya mugeni? Mbele ya bantu bote?"

Mgeni hakumzuia. Hili lazima lisemwe, kwa sababu baadaye watu walisema alimzuia. Alisimama tu amelishika kapu, anatabasamu, na mkono wa Odette ulikuwa umekwisha kufika kwenye kifuniko. Vidole vilikuwa juu yake. Ungetosha mvuto mmoja. Lakini mama aliyemo ndani ndiye aliyempiga kofi zamani, Odette akiwa mtoto, kwa kufungua kapu la watu mbele ya wageni, na mkono wake, Mungu wangu, mkono wake mwenyewe ukasita.

Hapo hapo msaidizi wa mgeni akalipokea kapu kwa heshima, akashuka nalo, akaliweka nyuma ya gari pamoja na zawadi nyingine, akafunga.

Hotuba ilikuwa fupi, kwa kuwa mgeni alikuwa na mkutano mwingine. Alipomaliza, Pasta aliliruhusu jua. Lilizama kwa haraka nyuma ya milima ya Bukavu kama mtu aliyecheleweshwa kazini, na ndege ya jioni ikapita juu ya vichwa vya watu. Odette alikuwa anakimbia nyuma ya magari. Alikimbia mpaka barabara ya lami, akiita mama, mama, na watu waliokuwa wanaondoka walimpisha njia. Wengine walimwambia pole. Mmoja alimpongeza, kwa sababu si kila familia inamwingiza mtu wake kwenye gari la mgeni.

Odette hakulala, hakula. Jumapili kanisani walimwombea, halafu Pasta akatangaza kwamba mgeni amefurahi sana na ameahidi kurudi mwakani, na akawaomba wenye wazee nyumbani waanze kujiandaa. Familia kadhaa zilinyoosha mikono hapo hapo. Odette aliitazama ile mikono, akatoka nje.

Jumatatu alimpigia simu Gaju, aliyepokea mara moja, kwa adabu yake ile ile.

"Maman Odette! Nilikuwa nataka kukupigia. Nimeshaulizia."

"Bamefungua?"

"Bado. Zawadi hazifunguliwi mpaka mugeni mwenyewe apate nafasi."

"Atapata nafasi siku gani?"

"Maman, unajua kazi yake. Lakini usihofu kabisa. Kapu banaitunza muzuri. Nilibaambia ndani kuna mukecuru, balielewa sana."

"Bamupe mayi, Gaju. Hata tone. Hata bapitishe kitambaa chenye mayi juu ya kifuniko."

Gaju alikuwa anatafuta namna ya kumfariji, na sauti yake iliporudi ilikuwa na furaha ya mtu aliyeipata.

"Hapana, maman, mayi itaharibu kapu. Beko banaiweka mahali pakavu. Pakavu sana, hata mvua ikinyesha haifiki. Hapo inaweza kukaa miaka."

Odette alisema asante. Alisikia mdomo wake mwenyewe unaisema, asante sana, dada yangu, na simu ikakatika.